Dereva wa Posa Yangu Mwenyewe

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi katika habari nzima. Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu mambo ya joto: linavyosafiri, kwa nini maji huchemka, kwa nini maji yaliyofungiwa ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana huvumilia moto mwingi kabla hayajaanza kutokota. Wanafunzi wangu hufaulu vizuri tu. Aliyefeli ni mimi, tena mbele ya watu ambao nilihitaji kufaulu kwao kuliko mahali pengine popote.

Gari lilikuwa dogo, la mkononi, na nilikuwa nalo kwa miezi minane. Katika ukoo wetu nilikuwa wa kwanza kumiliki chombo cha magurudumu manne, ukiacha toroli, kwa hiyo nililichukulia kwa uzito. Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani kwangu, mtaa wa Ramadhani hapa Njombe, kwenda shuleni, nilifungua boneti na kutazama lile tangi dogo la plastiki linaloonyesha maji ya rejeta. Aliyeniuzia alinionyesha alama mbili ubavuni, ya chini na ya juu, akasema maji yakae katikati. Yalikaa katikati. Jumatatu katikati, Ijumaa katikati, nimetoka Ludewa na milima yake yote, katikati. Nilifunga boneti kwa mikono miwili, taratibu, ili majirani wapate muda wa kuona. Walimu wenzangu walipolalamika kwamba magari yao yanakunywa maji, niliwaonea huruma na kuwaambia kwamba gari ni matunzo.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo mwaka ule nilipoamua kuoa.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili Makambako. Tulikutana kwenye semina ya siku tatu. Siku ya kwanza alinisahihisha sentensi mbele ya watu, siku ya pili nilihama kiti nikakaa karibu naye, siku ya tatu nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na nilikuwa nimeshajizoesha kula wali wa jana peke yangu nikisahihisha madaftari. Sikutaka kumkosa. Nasema wazi: nililala vibaya kwa ajili yake.

Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini mpaka akastaafu, na mchumba wangu alinionya mapema.

"Baba hatazami mtu," aliniambia. "Anatazama gari lake. Aliyekuja kabla yako alirudishwa kwa sababu ya tairi."

"Tairi lilikuwa na nini?"

"Kipara."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi ikapangwa posa, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Kwa desturi yetu mwoaji haendi kujiposea. Anakaa kwao akijifanya hajui kinachoendelea, na wakubwa wake wanapeleka barua na kusema kwa niaba yake. Mshenga alikuwa baba yangu mdogo, mtu anayependa kuongea hata na redio, na wa pili wake alikuwa shangazi yangu, ambaye ndiye hasa mwenye amri. Gari lilikuwa langu, na dereva alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye baba mkwe hakuwahi kumwona. Na mimi pia hakuwahi kuniona, wala picha yangu hakuwa nayo.

Asubuhi ya siku hiyo binamu aliamka na jino. Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho moja halifunguki, na alikuwa akizungumza kwa kuandika kwenye karatasi. Baba mdogo alisema haiwezekani kupanda basi na barua ya posa mkononi, eti tutashuka stendi kama watu wanaopeleka mzigo wa viazi. Kuahirisha nako kulikuwa aibu, maana upande wa pili kuku walikuwa wameshachinjwa.

"Utaendesha wewe," alisema shangazi.

"Shangazi, mwoaji haendi."

"Mwoaji haendi. Dereva anakwenda. Ukifika hushuki, huongei, unabaki na gari lako. Dereva wa posa si mtu."

Tena akaongeza, kwa vile yeye hufikiri hatua mbili mbele ya kila mmoja wetu: "Na kama mzee ataona kasoro kwenye gari, tutasema ni ya dereva. Mwoaji wetu abaki safi."

Lilikuwa wazo zuri sana wakati ule.

Julai ya Njombe wanaoishi huku wanaijua. Nyasi zilikuwa nyeupe, maji kwenye ndoo ya nje yalikuwa na ngozi ya barafu. Shangazi ana magoti mabovu, na alikwishatangaza kwamba hapandi gari lisilo na joto. Sisi wa huku tuna dawa yetu. Unachukua kipande cha boksi unakisimamisha mbele ya rejeta, nyuma ya ule wavu wa mbele, upepo usiipige. Injini inapata moto haraka, hita inaanza kupuliza, watu wanavua makoti. Jua likishapanda, unasimama unatoa boksi. Nilichukua boksi la parachichi, la yale yanayosafirishwa nje, gumu zuri, nikalikata vipimo kwa rula. Nilifungua boneti, nikatazama maji yangu. Katikati. Tukaondoka saa mbili na nusu, shangazi akiwa ameweka barua kifuani imefungwa kwa leso nyeupe.

Mashamba ya chai yalipita, miti ya miwati ikapita, baba mdogo nyuma yangu akifanya mazoezi ya hotuba yake. Kila alipofika penye "kijana wetu ni mwangalifu" hakuipenda sauti yake, akarudia. Jua lilipanda. Magoti ya shangazi yalinyooka. Mimi nilikuwa nafikiria mtu mmoja tu, kwamba saa hiyo pengine anasuka nywele au anapanga vikombe, na boksi halikunijia akilini hata kidogo.

Katikati ya safari niliona mshale wa joto umevuka nusu. Nikajiambia ni mlima. Ukapanda tena kidogo. Nikajiambia ni mlima mwingine, ingawa tulikuwa tunateremka. Ningesimama, lakini saa ilikuwa inakimbia na tulikuwa tumeahidi saa nne, kwa mzee ambaye alimkataa mtu kwa tairi. Nikawa naendesha jicho moja barabarani, jicho moja kwenye mshale, na moyo uko Makambako.

Halafu, mji ulipoanza kuonekana, jambo la ajabu likatokea. Mshale ukashuka wenyewe. Haukushuka polepole, ulidondoka hadi chini kabisa, mahali unapokuwa asubuhi kabla hujawasha. Sijui niieleze vipi furaha niliyoipata.

"Limepoa," niliwatangazia.

"Mungu mwema," alisema baba mdogo.

"Mbona hita yako imekuwa feni?" aliuliza shangazi. "Inanipulizia baridi."

Nilimweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba injini imepata nafuu kwa sababu ya mteremko. Watoto wa kidato cha pili wangenizomea.

Tuliingia uani kwa mzee saa nne kasoro dakika tatu. Nilizima injini, lakini mlio haukuzima. Chini ya boneti kulikuwa na kitu kinatokota, kama sufuria ya maharage iliyoachwa na mpishi. Kisha mvuke ukaanza kutoka pembeni, na upepo wa Makambako, ambao hauna kazi nyingine, ukauchukua wote na kuupeleka moja kwa moja kwenye dirisha la sebule lililokuwa wazi. Nilikuwa nimeegesha hapo hapo chini ya dirisha, kwa heshima, ili nisizibe njia.

Wakubwa wangu walishuka kama hawaoni kitu. "Kamwene," alisalimia shangazi mlangoni kwa Kibena, akikung'uta mvuke kwenye kitenge. Wakapokelewa, wakaingia, nami nikabaki na usukani. Kupitia dirishani nilisikia kila kitu: salamu, sala fupi, mama mwenye nyumba akikohoa kwa sababu ya mvuke, halafu baba mdogo akianza safari yake ndefu ya maneno. Mzee alikuwa akiitikia, "Ndiyo... ndiyo..." lakini kila "ndiyo" ilikuwa inakuja ikiwa imechelewa zaidi. Hatimaye nilisikia kiti kikisogea.

"Mniwie radhi," alisema. "Endeleeni na kaka yangu hapa. Kuna mgonjwa nje, siwezi kukaa."

Alitoka akiwa na suti yake nyeusi ya kanisani na tambara mkononi. Alikuwa mfupi, mikono mikubwa, na hakunitazama mimi hata mara moja. Nilikuwa nimeshashuka, nimefungua boneti baada ya kulitafuta komeo lake kwa vidole vitatu, na nilikuwa nanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta ili niseme nimefanya kitu.

"Toa mkono," alisema. "Unataka kuoga?"

Nikautoa. Kidato cha pili, mada ya mgandamizo. Ningeufungua ule mfuniko, maji yote yaliyobaki yangenirukia usoni.

Tulisimama tukingoja lipoe. Alizunguka mbele, akainama, akaingiza vidole nyuma ya wavu, akavuta. Boksi likatoka lote, limepinda kwa moto, na maandishi yake makubwa yalisomeka vizuri: SHIKA KWA UANGALIFU.

"Mmetoka Njombe na hii?"

"Ndiyo, mzee. Asubuhi kulikuwa na baridi."

"Asubuhi. Sasa ni asubuhi?"

"Hapana, mzee."

Aliliegemeza boksi ukutani kwa adabu, kama mgeni wa nne. Kisha akauliza maji yalitazamwa lini. Hapo nilipata nguvu, maana nilikuwa na jibu la kweli.

"Leo asubuhi. Yalikuwa katikati. Hata sasa yako katikati, tazama."

Akatazama. Akashika gari ubavuni, akalitikisa kwa nguvu mpaka likacheza lote. "Tazama wewe," alisema. Nikatazama tangi. Gari zima lilikuwa linayumba, ila mstari wangu wa maji ulikuwa umetulia tuli. Alilichomoa tangi, akafungua kifuniko chake, akaligeuza juu chini. Likatoka tone moja na mende mkavu.

Ulikuwa ni uchafu. Maji ya miaka ya nyuma yaliacha alama ya kahawia ndani ya plastiki, na mimi nikawa naisujudia kila asubuhi miezi minane.

Nilijaribu kujitetea kwamba mshale nao ulionyesha baridi. Alinieleza bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kile kipimo kinakaa ndani ya maji, alisema. Maji yakishuka kikabaki juu, hakipimi tena maji, kinapima hewa, na mshale unalala. Ndiyo maana hita nayo ikapuliza baridi, maji ya kuipa joto hayapo. "Mshale ukipanda, ogopa. Ukipanda halafu ukadondoka wenyewe, simama hapo hapo hata kama umebeba waziri." Mimi kila mwaka nawaambia watoto kwamba kipimajoto lazima kizame kwenye kimiminika. Kila mwaka. Na wanaandika.

Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Mwenye gari ni huyo kijana wanayemposea?"

"Ndiyo, mzee."

"Anajua gari lake linatunzwa hivi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na niliiona ikipita. Nilifikiria tairi lenye kipara. Nilifikiria wali wa jana.

"Hajui," nilisema. "Alinikabidhi likiwa zima. Kosa ni la dereva."

"Kosa la dereva," alirudia. Alinitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu, na viatu vyangu vilikuwa vimeng'arishwa kama vya bwana harusi. "Basi nitawaambia wakufukuze kazi."

Aliingia ndani, akaniachia dumu la maji na agizo la kumimina kidogo kidogo injini ikishapoa. Nikabaki chini ya dirisha nikisikiliza kesi yangu.

"Dereva wenu hafai," mzee aliwaambia.

Baba mdogo hakusita hata nukta moja. "Mzee, umesema kweli tupu. Ni mzembe kupindukia. Kijana wetu amemvumilia tu kwa sababu ya huruma yake."

"Tulimwokota," aliongeza shangazi aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. "Hata akili tunazitilia mashaka."

"Na kijana wenu yeye?"

"Kijana wetu ni mwangalifu," alisema baba mdogo, na safari hii sauti ilitoka vizuri kabisa. "Hajawahi kuharibikiwa na kitu mkononi mwake."

Nilishika dumu nikijihisi mtu duni kuliko wote Makambako. Ndani kule alikuwa akisifiwa mtu nisiyemjua, na nje alikuwa akitukanwa mtu ambaye ni mimi mtupu, na binti wa watu alikuwa anakaribia kupewa yule asiyekuwepo.

Binti akaitwa. Hiyo nayo ni desturi, baba humwuliza binti kama anawafahamu wageni, na jibu lake ndilo linalofungua au kufunga mlango. Nilisikia miguu yake, nikaijua.

"Unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, baba."

"Tuwapokee?"

"Tuwapokee."

"Kuna neno moja limebaki. Hawa wanasema dereva wao ni mzembe, na mimi nimeona kwa macho. Tunataka afukuzwe. Wewe unasemaje?"

Niliweka dumu chini nisikie vizuri.

"Mimi naomba asifukuzwe," alisema.

"Kwa nini?"

"Atajifunza, baba."

Kiti kikasogea tena. Pazia likavutwa, na uso wa mzee ukatokea dirishani, juu yangu kidogo.

"Dereva."

"Naam, mzee."

"Umeoa?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Nyuma yake baba mdogo alikohoa kikohozi cha kunikataza. Mwoaji hasemi. Nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa watu wawili, na mmoja wao mende mkavu.

"Nangoja majibu ya barua iliyo mezani kwako," nilisema. "Gari ni langu, mzee. Boksi nililikata mimi, kwa rula. Huyo mwangalifu wanayemsifia hayupo, nipo mimi, na nimekudanganya pale ulipouliza mwenye gari. Nampenda binti yako. Ukinikataa kwa sababu ya rejeta sitakulaumu, ila nitaumia sana."

Shangazi alisema neno moja la Kibena ambalo sitaliandika.

Mzee aliegemea kizingiti cha dirisha.

"Ulidhani sijui?" alisema. "Nimekaa na madereva miaka thelathini. Wapo wezi, wapo walevi, lakini hakuna dereva duniani anayesujudia uchafu wa tangi; huo ni ugonjwa wa mwenye gari. Nilikuwa nangoja nione utamsukumia yule maskini kesi yako mpaka lini." Kisha akageuka, bila kupandisha sauti, kama anayeagiza chumvi. "Mama, mpelekee mumeo maji anawe, ana grisi."

Huyo "mama" alikuwa binti yake, ndivyo anavyomwita hadi leo.

"Mzee," alisema baba mdogo kwa sauti ya mtu aliyeporwa, "lakini barua bado haijafunguliwa."

"Someni. Nasikiliza."

Mchumba wangu alitoka kwa mlango wa jikoni akiwa na birika na beseni, macho chini kama inavyotakiwa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. Nilikinga mikono. Nilikuwa namtazama yeye badala ya birika, maji yote yakaanguka pembeni, naye akamimina tena.